Nani alipima maji kwanza? Historia ya gesi ya sheili na mjadala usioisha

1/ Uzi wa leo ni mrefu, kaa na chai yako. Ni historia ya gesi ya sheili na madhara yake kwa mazingira. Kama kawaida yetu hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Mada tu.

Ukifuatilia midahalo ya nishati, hasa ya Marekani, kuna kauli mbili hutazikosa. Upande mmoja unasema hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba frakingi inachafua maji. Upande wa pili unasema frakingi imeharibu maji ya watu. Baada ya hapo ni kurushiana maneno, na sisi watazamaji tunachagua upande kulingana na nani tunampenda.

2/ Muhula huu nimeisoma historia hii kwa ajili ya kozi ya sera za umma, na kitu kimoja kimenikaa. Mara nyingi hawa wawili hawazungumzii kitu kimoja. Na kama miaka ishirini na zaidi imepita bila jibu moja, si ati sayansi ni ngumu kupita kiasi. Ruhusa ya kuchimba ilitolewa kwanza, vipimo vikaja baadaye, na mzigo wa kuthibitisha akaachiwa mwenye kisima cha maji. Wacha nieleze hatua kwa hatua.

3/ Sheili ni nini? Ni tope la kale lililolala chini ya bahari, likagandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi likawa mwamba wa tabaka nyembamba nyembamba. Mabaki ya viumbe yaliyokuwa ndani ya tope hilo yakageuka gesi.

Gesi ya kawaida huwa imepanda na kujikusanya kwenye mwamba wenye vitundu, ukitoboa inatoka. Ya sheili imenaswa ndani ya mwamba wenyewe. Vitundu vyake ni vidogo mno, kwa hivyo ukitoboa tu hupati cha maana. Lazima mwamba upasuliwe.

4/ Watu hudhani hili ni jambo la juzi. Kumbe kisima kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha gesi Marekani kilikuwa cha sheili. William Hart alikichimba Fredonia, jimbo la New York, mwaka 1821, futi 27 tu kwenda chini, na gesi yake ikawasha taa za mji.

Kupasua mwamba nako ni kwa zamani. Mwaka 1865 Edward Roberts alisajili uvumbuzi wa kushusha baruti ndani ya visima vya mafuta na kuilipua huko chini. Mwaka 1947, uwanda wa Hugoton kule Kansas, kampuni ya Stanolind ikajaribu kupasua kwa kusukuma kioevu chenye presha badala ya kulipua. Mwaka 1949 njia hiyo ikaanza kutumika kibiashara. Hiyo ndiyo frakingi.

5/ Kwa nini basi kelele zilianza miaka ya 2000? Kwa sababu ya Texas.

George Mitchell, mtoto wa mhamiaji kutoka Ugiriki, alianza kuchimba sheili ya Barnett mwaka 1981. Kwa karibu miaka 17 alimwaga pesa na kupata gesi kidogo. Mwaka 1998 wahandisi wake walipata mchanganyiko uliofanya kazi: maji mengi, mchanga, na kemikali kidogo za kuyafanya maji yateleze. Mwaka 2002 kampuni yake ilinunuliwa na Devon Energy kwa zaidi ya dola bilioni 3. Devon wakaunganisha mbinu hiyo na uchimbaji wa kulala, yaani kisima kinashuka wima kisha kinapinda na kuufuata mwamba kwa kilomita moja au zaidi.

Tusisahau pia kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imegharamia utafiti wa sheili tangu miaka ya 1970, baada ya mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973. Soko halikufanya kazi hii peke yake.

6/ Kazi yenyewe huenda hivi. Unasawazisha uwanja na kutengeneza barabara. Unachimba kupita tabaka la maji ya visima hadi kilomita moja, mbili au zaidi chini. Unaweka mabomba ya chuma na kumwaga saruji kati ya bomba na mwamba ili gesi isipande kwa pembeni. Kisha unasukuma maji, mchanga na kemikali kwa presha kubwa. Mwamba unapasuka, mchanga unazuia nyufa zisijifunge, gesi inatoka.

Maji yanayotumika kwa kisima kimoja ni kati ya lita milioni 6 na lita milioni 60 hivi. Chukua lita milioni 20. Kwa lori la maji la lita 10,000, hizo ni safari 2,000. Kisima kimoja tu.

7/ Sehemu ya maji hayo hurudi juu, na hayarudi yalivyokwenda. Yanarudi na kemikali zilizowekwa, chumvi nyingi kuliko ya bahari, na wakati mwingine madini yenye mionzi kutoka kwenye mwamba wenyewe. Lazima yapelekwe mahali.

Sasa shika hapa, kwa sababu mjadala wote umejengwa juu ya tofauti hii. Kwa mhandisi wa kampuni, "frakingi" ni zile siku chache za kupasua mwamba kilomita mbili chini. Kwa mkazi, "frakingi" ni kila kitu: malori, saruji, dimbwi la maji machafu, bomba linalovuja. Neno moja, maana mbili. Mmoja akiapa haijachafua maji, na mwingine akiapa imechafua, inawezekana kabisa kwamba hakuna anayedanganya.

8/ Twende kwenye sheria. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa maji ya kunywa. Iliipa EPA (tuseme ni NEMA yao) mamlaka ya kusimamia kitu chochote kinachosukumwa chini ya ardhi. EPA ilishikilia kwamba frakingi haimo, kwa sababu lengo lake ni kutoa gesi, si kutupa kitu chini.

Huko Alabama wakazi walishtaki, kesi yao ikihusu gesi ya kwenye tabaka za makaa ya mawe. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ikasema: kusukuma ni kusukuma, frakingi iko chini ya sheria hiyo.

9/ Jibu la siasa lilichukua miaka minane. Mwaka 2004 EPA ilitoa ripoti iliyosema kupasua tabaka za makaa ya mawe hakuna hatari kubwa kwa maji. Mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria ya nishati, na ndani yake kifungu kinachoitoa frakingi kwenye ile sheria ya 1974, isipokuwa dizeli ikitumika. Wapinzani wakakibandika jina la mwanya wa Halliburton, kwa jina la kampuni iliyohusishwa na frakingi tangu 1949.

Wanaotetea kifungu husema majimbo yalikuwa tayari yanasimamia visima, na ni kweli. Lakini angalia tarehe. Ripoti ilihusu makaa ya mawe. Wimbi kubwa la sheili lilikuwa halijafika. Mlango ulifunguliwa kabla mtu hajajua nini kitapita.

10/ Kilichopita kilielekea Pennsylvania, kwenye sheili ya Marcellus. Kisima cha kwanza cha mafanikio kilipasuliwa mwaka 2004, na kufikia 2008 mawakala walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na mikataba ya kukodi ardhi.

Hapa Mkenya anahitaji maelezo kidogo. Kwetu Katiba inasema madini na mafuta ni mali ya umma, hata kama yako chini ya shamba lako. Marekani, mwenye shamba anaweza kuimiliki gesi iliyo chini. Kwa hivyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na mtu anayepokea hundi kila mwezi, na jirani yake anayepata malori na vumbi tu. Ugomvi wa frakingi kule haukuwa wa kampuni dhidi ya wananchi pekee. Ulikuwa wa jirani na jirani.

11/ Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dimock, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Pennsylvania. Tarehe 1 Januari 2009 kisima cha maji cha mkazi kililipuka, kifuniko chake cha zege kikavunjika. Ndani ya maji mlikuwa na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia.

Jimbo lilichunguza na kusema gesi kutoka visima vya kampuni ya Cabot imehamia kwenye maji ya nyumba 18. Cabot ilikataa. Hoja yake: methani ilikuwa kwenye maji ya eneo hilo tangu zamani.

12/ Na hii hoja si ya kupuuza. Ni kweli sehemu hizo zina methani ya asili majini, hata pale ambapo hakuna aliyechimba. Basi utajuaje hii ya leo ni ya asili au ya kampuni?

Ungejua kwa urahisi kama mtu angepima visima vyote vya maji kabla ya mtambo kufika. Kwa nyumba nyingi hakukuwa na kipimo cha mwanzo kinachoaminika. Mkazi anasema maji yangu yalikuwa safi, kampuni inasema thibitisha. Atathibitishaje? Na glasi aliyokunywa mwaka 2007?

13/ Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo ya visima vya maji vya Pennsylvania na New York. Vilivyo ndani ya kilomita moja kutoka kisima cha gesi vilikuwa na methani mara 17 zaidi kwa wastani kuliko vya mbali. Lakini hawakupata alama yoyote ya kemikali za frakingi ndani ya maji hayo.

Mnaona? Upande mmoja ukachukua "mara 17" ukaenda nayo. Wa pili ukachukua "hakuna kemikali" ukaenda nayo. Utafiti mmoja, vichwa viwili vya habari. Na wakosoaji wakauliza swali lile lile: kabla ya kuchimba kulikuwaje?

14/ Mwaka 2014 utafiti mwingine, wenye baadhi ya watafiti hao hao, ulitumia gesi adimu kama heliamu na neoni kufuatilia njia ya methani huko Pennsylvania na Texas. Jibu lao: pale ambapo maji yalikuwa yamechafuliwa, tatizo lilikuwa saruji na mabomba ya kisima. Gesi ilipanda kwa pembeni ya bomba. Haikupanda kutoka kwenye nyufa za kilomita mbili chini.

Kwa maana ya mhandisi, frakingi imeachiliwa. Kwa maana ya mkazi, maji yake bado yanawaka moto. Mimi naona swali la mkazi ndilo swali la sera, kwa sababu huwezi kupata gesi ya sheili bila bomba na saruji. Hakuna anayepasua mwamba bila kuutoboa kwanza.

15/ Dimock iliishaje? Mwaka 2010 jimbo lilizuia uchimbaji mpya katika eneo la maili tisa za mraba, na kampuni ikakubali kulipa kaya 19 jumla ya dola milioni 4.1. Mwaka 2012 EPA ilipima nyumba 64 ikasema hakuna hatari inayohitaji hatua zaidi. Mwaka 2016 shirika lingine la serikali hiyo hiyo, la afya, liliangalia data ile ile. Likasema visima 27 vilikuwa na kemikali za kiwango kinachoweza kudhuru afya, na 17 vilikuwa na hatari kama ya moto au mlipuko.

Novemba 2022 kampuni iliyorithi Cabot haikupinga shtaka la jinai la mazingira, na ikakubali kulipa dola milioni 16.29 ili wakazi wajengewe mfumo wa maji ya bomba. Kuanzia mlipuko hadi siku hiyo ni karibu miaka 14. Mtoto aliyezaliwa wakati ule alikuwa ameingia sekondari.

16/ Ngazi ya taifa nako hadithi ni hiyo hiyo. Mwaka 2010 Bunge la Marekani liliitaka EPA ichunguze upya. Rasimu ilitoka Juni 2015 ikiwa na maneno kwamba hawajapata ushahidi wa athari zilizoenea kote kwenye maji ya kunywa. Kauli hiyo ikawa fimbo ya mdahalo. Jopo la wanasayansi washauri wa EPA likalalamika kwamba data haitoshi kusema hivyo.

Ripoti ya mwisho ya Desemba 2016 iliiondoa kauli hiyo. Ikasema frakingi na shughuli zake zinaweza kuathiri maji katika mazingira fulani: kuchota maji wakati wa ukame, kumwagika kwa kemikali, visima vibovu, maji machafu yasiyosafishwa, madimbwi yasiyo na kizuizi chini. Na ikaongeza kwamba kwa sababu ya mapengo ya data haiwezi kukadiria ni mara ngapi hutokea kitaifa.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Miaka kumi na zaidi baada ya ruhusa, serikali tajiri kuliko zote inasema haiwezi kuhesabu.

17/ Matetemeko sasa. Oklahoma kabla ya 2009 ilikuwa ikipata kama matetemeko mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 ilipata zaidi ya 900. Septemba 2016 moja la ukubwa wa 5.8 lilipiga Pawnee.

Ni frakingi? Tena inategemea neno. Wanajiolojia wa serikali wanasema sehemu kubwa ilisababishwa na maji machafu yanayosukumwa kwenye visima virefu vya kutupia. Na maji hayo yalitoka kwenye uzalishaji wa mafuta na gesi wa aina nyingi, si sheili pekee. Kwa hivyo anayesema matetemeko yote ya Oklahoma ni ya frakingi anakosea. Anayesema uchimbaji hauhusiki anakosea zaidi. Mamlaka ya jimbo ilipoamuru maji yanayotupwa yapunguzwe, matetemeko yakapungua.

18/ Uingereza ilikuwa tofauti. Aprili 2011, karibu na Blackpool, kisima cha kwanza cha sheili kupasuliwa nchini humo kilileta tetemeko la ukubwa wa 2.3. Hapa ilikuwa frakingi yenyewe, kwa maana finyu kabisa. Kazi ikasimamishwa. Iliporudi, ilikuja na kanuni: vifaa vya kupimia viwepo, na tetemeko la ukubwa wa 0.5 au zaidi likitokea, unasimama.

Agosti 2019, eneo hilo hilo, likaja la 2.9. Novemba serikali ikasitisha frakingi England. Mwaka 2022 marufuku iliondolewa Septemba na kurudishwa Oktoba, lakini hiyo ni siasa, tuiache.

Ninachotaka uone: tetemeko la 2.9 ni dogo sana ukililinganisha na la Oklahoma. Lakini lilisimamisha sekta nzima, kwa sababu kipimo na mstari wa kusimama viliwekwa kabla. Hakuna aliyehitaji miaka 14 kubishana.

19/ Na hewa? Huu ndio mjadala mgumu zaidi, na upande wa gesi una hoja ya kweli. Gesi ikichomwa kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya kaboni dioksidi ya makaa ya mawe. Mwaka 2005 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitoka kwa makaa ya mawe. Kufikia 2022 ilikuwa kama asilimia 20, na gesi ya bei rahisi ni sababu kubwa ya mabadiliko hayo. Masizi kidogo, zebaki kidogo, wagonjwa wachache wa kifua. Hiyo si propaganda.

20/ Tatizo ni gesi isiyochomwa. Methani ikivuja kabla ya kufika kwenye moto, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo. Kwa hivyo asilimia ndogo ya uvujaji inaweza kula faida yote.

Inavuja kiasi gani? Kwa miaka mingi makadirio rasmi yalitegemea hesabu za vifaa: una valvu kadhaa, kila moja inakadiriwa kuvuja hivi, zidisha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kupima uwanjani na kwa ndege. Walipata asilimia 2.3 ya gesi inayozalishwa, kama asilimia 60 juu ya makadirio ya EPA. Kumbe hata kwenye hewa, waliosema ni safi walikuwa hawajapima vya kutosha.

21/ Afrika tuko wapi? Kenya haichimbi gesi ya sheili, na mafuta ya Lokichar yaliyopatikana 2012 ni kitu kingine. Nchi ya kuangalia ni Afrika Kusini, eneo kame la Karoo, ambako wafugaji wa kondoo hutegemea maji ya visima.

Mwaka 2011 makadirio ya Marekani yalisema Karoo ina futi za ujazo trilioni 485 za gesi. Mwaka 2013 yakashuka hadi 390. Mwaka 2017 wanajiolojia wa huko wakakadiria 13. Fikiria midahalo iliyofanyika juu ya ile 485: ajira, umeme, kodi. Namba ilikuwa kadirio la mezani.

22/ Lakini Karoo walifanya jambo ambalo Pennsylvania haikufanya. Aprili 2011 serikali ilisitisha maombi yote kwanza. Zuio likaondolewa 2012, kanuni zikatoka 2015, na 2016 ikachapishwa tathmini kubwa ya kisayansi ya eneo zima, ikiangalia maji, matetemeko, afya na hata utalii. Wakulima na wanaharakati hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikabatilisha zile kanuni, kwa sababu waziri wa madini hakuwa na mamlaka ya kutunga kanuni za mazingira.

Hadi leo hakuna gesi ya sheili inayouzwa kutoka Karoo. Kuna watakaosema hiyo ni hasara, hasa katika nchi iliyoteseka kwa kukatiwa umeme. Ni hoja halali. Ila wakiamua kuchimba kesho, hawataanzia kwa glasi ya mtu na kumbukumbu zake.

23/ Niwarudishe Pennsylvania mara moja. Mwaka 2012 jimbo lilipitisha sheria iliyozilazimisha serikali za mitaa kuruhusu uchimbaji karibu kila mahali. Sheria hiyo pia iliwataka madaktari wafunge mdomo: daktari angeambiwa kemikali iliyomdhuru mgonjwa, lakini kama ni siri ya biashara asiisambaze.

Mahakama ya juu ya jimbo ilivunja sehemu ya mitaa Desemba 2013, na masharti ya madaktari mwaka 2016. Katika uamuzi wa 2013 majaji kadhaa walitegemea kifungu cha katiba ya jimbo cha mwaka 1971 kinachowapa watu haki ya hewa safi na maji safi. Kifungu hicho kilikuwa kimekaa miaka zaidi ya 40 bila meno makubwa.

24/ Nawaambia haya kwa sababu kifungu kama hicho tunacho, na chetu kina nguvu zaidi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Na kipengele cha 3 cha ibara hiyo kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia.

Yaani si lazima kisima kilipuke kwanza. Yule mkazi wa Dimock angekuwa na kifungu hiki, mzigo wake ungekuwa mwepesi sana. Sisi tunacho na wengi hatukijui.

25/ Basi ukimsikia mtu jukwaani akizungumzia gesi, mafuta, makaa ya mawe au mgodi wowote, usimuulize kama ni salama. Atasema ndiyo, au atasema hapana, na utabaki pale pale. Muulize haya:

Ukisema neno hilo, unamaanisha hatua moja au kazi nzima kuanzia lori la kwanza hadi maji machafu ya mwisho?

Nani atapima maji na hewa kabla ya kuanza, na matokeo yatawekwa wapi wananchi wayaone?

Ni kipimo gani kikivukwa kazi inasimama, na nani ana uwezo wa kuisimamisha?

Kemikali zitatangazwa, au zitaitwa siri ya biashara?

Maji yakiharibika, ni mwananchi wa kuthibitisha kwamba kampuni imeharibu, au ni kampuni ya kuthibitisha kwamba haijaharibu?

26/ Msimamo wangu ili msiniulize: sijasema gesi isichimbwe popote. Mitchell mwenyewe, aliyeitwa baba wa frakingi, kabla ya kufariki 2013 alitaka wazi wazi sheria kali zaidi kwa wachimbaji, na hakuna atakayemwita adui wa gesi. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa hatua una uzito kuliko kelele za pande mbili. Kipimo kwanza, ruhusa baadaye.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka darasani jioni. Na tafadhali, msinitajie vyama.